Figa la Ng'washi

Wanasema hasira hasara. Basi mimi nimekula hasara hiyo tangu mwaka sabini na tano na bado sijashiba. Nikimsikia mtu anasema watu wa kijiji kile walikuwa wema, ila walidanganyika tu, huwa nainuka na kuondoka, maana nitamtukana mtu mzima bure.

Ng'washi alikuwa mpishi wetu. Kijiji kilikuwa kipya, kando ya ziwa, mbele ya Kiseke, huko Mwanza. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka huku na huku wakaambiwa wajenge kwa mstari. Mume wangu alipelekwa pale kufundisha, nami nikamfuata kutoka Bukoba, sijui Kisukuma hata cha kuombea maji. Shamba la pamba lilikuwa la wote, na siku za kazi ya pamoja chakula kilipikwa mahali pamoja, kwa Ng'washi, mjane ambaye watoto wake wote walikuwa wametangulia mbele ya haki. Wakubwa kwa wadogo walimwita mayu, yaani mama. Siku yangu ya kwanza jikoni kwake aliniangalia, akanipokonya mwiko. "Eugenia, mwanangu, kwani huko kwenu mkishamenya ndizi kazi imekwisha? Ugali unataka mabega." Akacheka mpaka akakohoa.

Kwao Ng'washi, mwanamke akihamia nyumba mpya haokoti figa la kwanza mwenyewe. Huletewa na ndugu yake wa tumbo moja, na figa hilo halitoki jikoni maadamu yeye yumo katika nyumba hiyo; akihama huondoka nalo. Kaka yake, Shimba, alikuwa utingo wa lori la ushirika, anakaa Mabatini, mjini. Mawe Mwanza yamejaa mpaka milangoni mwa watu, lakini Shimba alitaka kumheshimu dada yake, akamletea jiwe kutoka njia ya Arusha, kwenye milima iliyowahi kutema moto. Lilikuwa jeusi, lina matundu matundu, na ndani ya matundu mmejaa vijiwe vyeupe vinavyong'aa. Hata mimi nililitamani.

Lilipopata moto, vile vyeupe vikaanza kulia, shii, majimaji yakatokea na kuchemka pale juu ya jiwe, povu kidogo, kisha kimya. Tulicheka. Kesho yake moto ulipowashwa, vilevile, na keshokutwa vilevile. Jiwe likishachomwa mchana kutwa, mtu angesema limekauka hadi moyoni, lakini likilala baridi usiku mmoja linalia tena asubuhi. Ng'washi akasema kwa mzaha, "Lina kiu hili. Linakunywa usiku, mmelala." Mzaha huo ndio uliomponza.

Mwezi uleule ng'ombe wa kijiji wakaanza kufa. Chenge, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa amepewa kazi ya kwenda mjini kufuata dawa ya josho. Hakwenda kwenye dawa. Alikwenda uwanjani kutazama mpira, akarudi mikono mitupu na kusema dawa imekwisha. Wenye macho walijua. Josho likakauka, kupe wakajaa masikioni mwa ng'ombe, ndigana, homa ya kupe, ikaingia. Sasa wenye ng'ombe wamekasirika, wanamtafuta wa kumshika, na Chenge ana shingo moja tu. Akawapa ya Ng'washi.

Aliitisha mkutano palepale jikoni. "Jiwe gani linakunywa usiku?" akauliza. "Nani amewahi kulinywesha maji? Hakuna. Basi linakunywa nini? Mwenyewe kasema linakunywa tumelala, na asubuhi tunakuta ng'ombe wamekufa. Na tazameni macho yake."

Macho ya Ng'washi yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuwapikia wao, wapumbavu wale, jua na mvua. Hakuna aliyelisema hilo. Waliosema walisema ndiyo, mchawi, na Chenge akalitamka neno hilo kwa sauti: "Ng'washi ni mchawi." Akampa mpaka Ijumaa awe ameondoka, ikifika bado yupo yeye hawezi kuwazuia vijana. Sehemu zile kila mtu alijua maana ya maneno hayo kwa mwanamke mzee.

Nilidandia gari la maziwa mpaka mjini, kwenye ofisi ya madini. Alikuwepo huko Apolinary Kahigwa, mtu wa kwetu Bukoba, tunasali kanisa moja tukiwa nyumbani. "Shikamoo kaka," nikamwambia, "njoo utazame jiwe, la sivyo Ijumaa watu watamuua mwanamke kwa ajili yake." Akasema ana kazi nyingi. Nikakaa kwenye benchi lake nikasema sitoki. Mwishowe akaniambia nenda, nitakuja.

Ijumaa asubuhi alikuja na Land Rover ya ofisi. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, vijana wameshika fimbo, na Ng'washi ameketi kwenye kigoda chake, anapepeta unga wa njano, ule wa mahindi ya msaada, kana kwamba hakuna jambo. Kahigwa akabandua kijiwe cheupe kimoja, akakitia ndani ya kijichupa kirefu cha kioo, akakiweka juu ya taa ya spiriti. Kijiwe kikavimba, kikachemka. Punde matone ya maji yakajipanga juu, kwenye ukuta wa kioo. Akawapitishia wote waone, Chenge naye.

"Haya ni maji matupu," akasema. "Yalikuwa ndani ya jiwe, katika vijitundu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ukilichoma yanatoka. Likipoa linavuta tena unyevu wa hewani, na hewa ya ziwa hili haikosi unyevu. Hicho ndicho linachokunywa. Linaitwa zeolaiti. Msweden mmoja, zamani sana, zaidi ya miaka mia mbili, alilipuliza kwa moto akaliona linatoa povu, akalipa jina la Kigiriki. Maana yake jiwe lichemkalo."

Mzee mmoja akauliza kwa nini basi mawe yetu hayachemki.

"Mawe yenu yalipoa chini kabisa ya ardhi, yamebanana. Hili ni la volkano. Lava ikipoa huacha matundu ya hewa, maji ya moto yenye madini yakapita humo miaka na miaka, yakaacha vijiwe hivi. Na majivu ya volkano yakiangukia ziwa la magadi, nayo hugeuka kuwa jiwe la jamii hii. Ni jiwe la manufaa. Viwandani hulainishia maji magumu, sabuni ipate kutoa povu."

Fimbo zikashuka. Watu wakaanza kuguna na kucheka, na mimi machozi yalinitoka kwa furaha, mjinga mimi. Chenge akasimama. "Ndugu wananchi, kumbe hii ni mali! Kuanzia leo jiwe hili ni la kijiji. Nitapeleka habari wilayani." Wakampigia makofi. Lilipokuwa la uchawi lilikuwa la Ng'washi peke yake. Lilipogeuka madini likawa letu sote. Ujamaa wa namna hiyo sikuwahi kuusikia redioni.

Ng'washi akaweka ungo chini. "Chenge, jiwe limepata jina lake. Na mimi?"

"Mayu, si umemsikia mtaalamu? Yamekwisha."

"Mtaalamu kasema habari ya jiwe. Wewe uliniita mchawi, hapahapa, watu wakisikia. Sema kwa kinywa hichohicho kwamba mimi si mchawi."

Chenge akatazama pembeni. Angesema hilo, wangeuliza basi nini kimeua ng'ombe. "Tusirudi nyuma, mama," akasema. "Watu wanakwenda shamba, watarudi na njaa. Tupikie."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," nikapiga kelele. "Sema neno moja tu!" Mume wangu akanivuta khanga. Nikamgeukia Kahigwa. Akasema yeye ametumwa kwa mambo ya mawe, ya watu yana wenyewe, akaanza kufungasha vioo vyake. Ng'washi akamtazama Getruda, jirani yake, ambaye watoto wake wote walipokelewa na mikono ya Ng'washi. "Getruda, wewe?" Getruda akainamisha kichwa, akachezea mkeka aliokalia.

Basi akaingia ndani. Alitoka na sufuria moja, blanketi na mkeka wake. Nyumba alijenga mwenyewe, udongo alikanda mwenyewe, na ndani ya juma Chenge alishamweka shemeji yake humo. Mimi nilimpokea mkeka nikamsindikiza. Hatujafika mbali Chenge akaita kwa nyuma, ana wasiwasi, kumbe mwenyewe bado analiogopa, "Jiwe, mayu? Hulichukui jiwe?"

Ng'washi hakugeuka haraka. Aligeuka polepole, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lililosafishwa ni hilo, si mimi. Kaeni nalo, liwapikie."

Akapanda lori barabarani kwenda kwa Shimba. Hakurudi tena. Mabatini nako neno lilimfuata, maana hakuna aliyewahi kulifuta, na watoto wa mtaani walikimbia akipita.

Mchana ule watu walirudi kutoka shamba wakakuta moto umezimika. Walikaa wakisubiri, kama kawaida yao. Ndipo Getruda, Getruda yuleyule, akaniita kwa upole: "Mke wa mwalimu, si alikufundisha? Tusongee basi." Ulikuwa mwaka wa njaa, na unga wa njano ulipatikana kwa foleni. Nilinyanyua ungo aliouacha Ng'washi, nikaumwaga unga wote mchangani mbele ya miguu yao, nikaukanyaga, nikaenda nyumbani kwangu.