Sindano na Kompyuta Iliyoamkia Mlangoni

Kwa mabomba ya maji, fundi wa kunifikia bado hajazaliwa. Shule niliiacha darasa la sita, walimu walichoka kabla yangu. Lakini mtoto wa dada yangu, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake, alinifunga mdomo, na hiyo si kazi ndogo.

Yuko kwa majaribio hapa kituo cha maji, nilipoanza kazi yeye hajaota meno. Alipewa kuiandikia kompyuta maagizo, iwashe pampu yenyewe kila saa sita mchana. Ikishindikana, meneja alishasema, ajira hakuna.

Sindano akiyaendesha maagizo mwenyewe, pampu inanguruma. Saa ikifika kompyuta ijiendeshe, kimya. Kwenye skrini: faili halipatikani.

"Inakuogopa," nikamchokoza. "Ukiiacha peke yake inalala."

"Mjomba, usinivunje mbavu, unaona zilivyo chache."

Saa sita ikakaribia. Meneja akaingia na kikombe cha chai, akaegemea ukuta, macho kwenye saa. Nikashauri tuipige kofi, kama redio. Juu ya maagizo yake Sindano akaongeza mstari mmoja wa kuiuliza kompyuta: umesimama wapi? Akaiacha ijiamshe kwa majaribio. Jibu likaja: kijistari kimoja kilichoinama upande, hivi: /. Basi!

"Ndiyo matusi yake hayo?"

"Hapo ni mlangoni mwa kompyuta nzima, Mjomba. Mimi nikiiendesha, niko ndani ya chumba changu, yaani folda yangu, naiambia chukua faili hilo hapo kando. Yenyewe inaamkia mlangoni. Inatafuta hapo kando, haioni kitu."

Nywele zikanisimama, hata zile zilizokwisha kung'oka. Kumbe siku zote haikuwa na kiburi! Ilikuwa ikienda pale pale ilipoambiwa, kwa utii wote, kupapasa patupu. Na huyu mtoto, badala ya kuigombeza, ameiuliza iko wapi.

Akaandika njia nzima kuanzia mlangoni, chumba kwa chumba, hadi kwenye faili la pampu. Akaondoa mikono mezani, akaikalia.

Saa sita ikagonga. Sakafu ikatetemeka. Mabomba niliyoyafunga kwa mikono yangu yakaanza kuvuma kutoka ukuta hadi ukuta, na hakuna aliyegusa kitu. Kikombe cha meneja kikagongana na kisosi chake.

"Kesho," meneja akamwambia Sindano, "njoo na picha mbili za pasipoti."

Nikaweka kiganja juu ya bomba. Maji yalikuwa yakipita, baridi.