Meno ya Juu

“Kikao cha ziada cha ufuatiliaji wa vionjo vya awali.” Hilo ndilo jina rasmi la jambo lililotutoa mtaani kwetu Hagsätra asubuhi moja ya baridi, baba, mama, bibi, mimi na kigari cha mtoto, kwenda kwenye kliniki ya watoto ambayo sisi sote, hata bibi asiyejua neno lingine la Kiswidi, tuliiita bevese. Kionjo, kwa tafsiri ya wakubwa wa afya wa huku, ni kiazi kilichopondwa kiasi cha ncha ya kijiko, anachopewa mtoto mchanga si ili ashibe bali azoee. Kwa Kiswahili tungesema kulamba. Mdogo wangu Salma alikuwa halambi, na serikali ilitaka kujua kwa nini.

Nilipokuwa mtoto niliamini serikali inajua kila kitu. Hili ilikuwa hailijui. Nililijua mimi, nikiwa darasa la pili, na nilikuwa na hakika kwamba litaniua.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa viza ya matembezi. Ubalozini walimuuliza anasafiri kufanya nini, akajibu, “Kulisha.” Afisa akaandika utalii. Lakini bibi alisema kweli tupu: katika ukoo wao kijiko cha kwanza cha uji hutoka mkononi mwa mama mzaa baba, na alikuwa amebeba ulezi wake kwenye begi, umesagwa na kuchekechwa, umefungwa ndani ya mifuko mitatu kana kwamba ni dhahabu ya magendo.

Siku chache kabla hajafika, mama aliniachia Salma jikoni. Nilikuwa nakula ndizi. Nikapaka kidogo kwenye kidole, nikampa aonje, naye akaning’ata. Nilishangaa, maana mtoto hakuwa na meno. Nikainua mdomo wake wa juu. Yalikuwepo mawili, meupe, madogo kama chembe za mchele. Nikamwita mama kwa furaha.

Mama alikuja akiwa na taulo mkononi, bila miwani yake, akainama. Akauliza, “Na ya chini?”

Ya chini hayakuwepo.

Mama yangu alisomea uhasibu. Alipita chini ya ngazi bila wasiwasi na aliwacheka wanaoogopa bundi. Siku ile alikaa kwenye kiti cha jikoni, taulo mapajani, akaniambia kuna neno, kigego, maana yake mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, na kwamba wazee wa zamani walimhesabu kuwa nuksi kwa nyumba. “Ni upuuzi,” akasema. “Lakini usimwambie bibi yako.” Nimeishi na sentensi hizo mbili miaka mingi, na bado sijaziona zikikaa pamoja kwa amani. Zamani hizo vigego walifanywa nini, hakunieleza. Nilikuja kulisoma mwenyewe ukubwani, kwenye maktaba yenye joto zuri, nikafunga kitabu nikatoka nje kupata hewa.

Usiku huo niliwasikia chumbani kwao.

“Kwenu si wanasema anayeyaona kwanza ndiye anayeondoka?” mama aliuliza.

“Wanasema mengi,” baba akajibu. Kisha, “Nani aliyaona kwanza?”

“Zuhura.”

Zuhura ni mimi. Nikasikia baba akizima taa.

Kesho yake nilianza kugawa mali. Vibandiko vyangu vya farasi nilimpa rafiki yangu wa shuleni, na kalamu ya rangi nne nikampa mvulana ambaye hata sikumpenda, kwa sababu marehemu hana kinyongo. Mwalimu aliwaambia wazazi wangu kwamba nimeanza kuwa mkarimu. Iliandikwa hivyo kwenye tathmini yangu ya maendeleo.

Bibi akafika, na hapo Salma akaanza kukaa na njaa. Mtoto hawezi kula bila kufungua kinywa, na kinywa kikifunguka meno yanaonekana, na kwa baridi ile bibi alikuwa hatoki ndani ya nyumba. Kwa hiyo mama alimnyonyesha tu, amejifunika khanga. Maziwa hayakutosha tena. Salma alilia akikitazama kila kijiko kilichopita mbele yake.

“Mtoto huyu ana njaa,” bibi alisema. “Nipeni nimwonjeshe.”

“Bado, mama,” baba akasema. “Sheria ya huku hairuhusu.”

“Sheria ya huku inaruhusu njaa?”

Baba akasema atauliza. Akaenda kulala, maana zamu yake ya mizigo huko uwanja wa ndege ilianza alfajiri, na mtu anayelala haulizwi.

Kwenye bevese nesi alimpima Salma uzito, akautazama mchoro wake, akakunja uso kwa adabu. Alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye soksi zenye picha za samaki. Kabla mama hajapata la kusema, alikuwa ameshachota kiazi. Salma hakubembelezwa. Alifungua kinywa chote kama kifaranga.

“Hee, tazama!” nesi akapiga makofi. “Mawili! Na ya juu!” Akanigeukia. “Mwambie bibi!”

Mama alitazama sakafu. Baba alisoma bango la chanjo.

“Anasemaje, mke mwenza?” bibi aliniuliza. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani.

Nikajificha nyuma ya kigari. Bibi akanyanyuka, akashika kidevu cha Salma kwa vidole viwili, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu. Mkono wake mwingine ulishika ukingo wa mizani.

“Tangu lini?” alimuuliza mama.

Mama alianza kumvalisha Salma soksi.

“Mmemlaza mtoto na njaa kwa ajili yangu mimi? Mlidhani nitamfanya nini?”

Nesi akataka kujua bibi amesema nini. Nikamwambia, “Anasema ni mazuri sana.” Siku hizi natafsiri nyaraka za ofisi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa hiyo.

Kwenye treni ya kurudi bibi alikaa nami dirishani, baba na mama wakakaa upande wa pili na kigari. Alikuwa ametulia, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunjua na kukunja pindo la mtandio. Nikaona heri nife nikiwa nimesema.

“Bibi, mimi ndiye niliyeyaona kwanza.”

Hakuniuliza yapi. “Uliyaona au uliyagusa?”

“Aliniuma kidole, halafu nika...”

“Basi uliyagusa. Kidole hakina macho.”

“Lakini niliinua...”

“Mke mwenza, mambo ya kwetu unataka kunifundisha wewe? Mama yako alikuwa amevaa miwani?”

Nikafikiri. “Hapana.”

“Basi naye hakuona, alikisia. Baba yako?”

“Aliambiwa.”

“Kuambiwa si kuona. Na yule mwenye soksi za samaki si wa ukoo huu, haimhusu.” Akavuta pumzi. Kisha akawageukia wazazi wangu, akapaza sauti kupita kelele za treni. “Sikieni nyote! Meno ya mtoto huyu nimeyaona mimi. Wa kwanza ni mimi.”

“Mama, mambo haya tuya...” baba alianza.

“Nimeshasema.”

Mswidi mmoja mbele yetu aliinua macho kutoka kwenye gazeti, akayarudisha.

Mchana ule bibi alipika uji wa ulezi. Alimpakata Salma, akasema bismillahi, akamlisha bakuli zima, na vionjo vya awali vya serikali vikaishia hapo. Mama alisimama mlangoni akilia bila kujificha. Usiku nililala mpaka asubuhi.

Nimesoma maamuzi mengi ya ofisi, yenye vifungu na vifungu vidogo. Sijaona hoja iliyopangwa vizuri kama ile, wala yenye dosari iliyo wazi kama ile: nilikuwa nimemwambia kwamba niliinua, na alinisikia. Kwa muda mrefu nilidhani alikuwa ananituliza tu, kama mtu anavyofukuza zimwi chini ya kitanda cha mtoto. Lakini anayefukuza zimwi anajua kwamba halipo. Mama aliniambia ni upuuzi, na mama alikuwa sahihi, na sikulala. Bibi hakuniambia hata mara moja kwamba ni upuuzi. Aliamini kila neno, na kwa kuamini hivyo alitafuta njia ya kisheria ya kuniondoa pale na kukaa yeye. Sijui nimshukuru vipi mtu kwa kunikinga na kitu ambacho siamini kwamba kipo. Najaribu, wala sifiki mbali.

Viza ya bibi ilipokwisha alirudi Tanga. Meno ya chini ya Salma yalitoka baada ya hapo, na uzito wake ukapanda. Kabla ya Ramadhani bibi alianguka uani akianika nguo, akafa siku hiyohiyo. Daktari aliandika shinikizo la damu, ambalo alikuwa nalo tangu kabla sisi hatujazaliwa.