Ruhusa ya Kumzika Mama

Mama alipokufa, kazi ya kwanza haikuwa jeneza wala hema. Ilikuwa kumwombea kaka yangu ruhusa. Yeye ndiye kifungua mimba, na kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini. Lakini alikuwa akiishi katika boma la nabii mmoja huko mbele ya Kombewa, na wafuasi wa nabii huyo hawaendi matangani mpaka akubali.

Nabii hakumteka mtu. Kaka alipofiwa na mkewe, sisi tulizika, tukala, tukarudi kwa shughuli zetu. Yule bwana ndiye aliyebaki kuketi naye kila jioni, akimsikiliza. Baadaye kaka akaanza kumwuliza mambo madogo: omena, wale dagaa wa ziwani, anunue kule Usenge au aache, ndevu anyoe au azifuge. Mwisho hata kuja kumsalimu mama ikawa lazima aulize kwanza.

Basi nikaenda na baba mdogo. Njiani tuliapa kwamba leo tutampasulia nabii ukweli. Tukakalishwa kwenye benchi juani mpaka mchana, bila hata maji. Nabii alipotokea, mpole, mwenye sauti ya chini, baba mdogo, mzee asiyenyamazishwa na yeyote kijijini, alisimama akamwita "Baba". Mimi nilipiga magoti. Hakuna aliyenilazimisha, nilikuwa nimechoka tu. Akafikiri kidogo, akasema sawa, kaka aende, naye atamsindikiza. Nilimshukuru hadi nikalia, kana kwamba mama alikuwa wake na ametugawia.

Siku ya mazishi tulimpa kiti cha mbele. Kaka alimtazama yeye kwanza, ndipo akatupa udongo. Watu wakanong'ona kwamba kumbe nabii ni mtu mzuri, mbona anasemwa vibaya.

Gari lao lilipowashwa, nilimshika kaka mkono, nikamsihi alale nyumbani hata usiku mmoja. Nyumba ya mama ilikuwa tupu na mimi nilimhitaji ndugu yangu. Akanitazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Usiniulize mimi, nyamera," akasema, akiniita dada kwa lugha ya mama. "Uliza Baba. Wewe anakusikizanga."

Nikageuka. Nabii alikuwa ameshashusha kioo cha gari, ananingoja.