Safari ya Rukwa Kumfuata Marehemu

Mara ya kwanza kupanda lori nilikuwa mtoto, tunahama Usukumani na ng'ombe wetu, nikatapika kwenye kapu la unga la mama mmoja. Hakunipiga. Alisema tu, "Afadhali wewe kuliko ng'ombe wenu." Nacheka mpaka leo. Ila lori nikalichukia, kila nilipokwenda nikatembea kwa miguu, hadi mwaka ule wa tisini na kitu, kabla ya mvua za El Nino, mama aliponiambia, "Panda lori, Shija. Kanirudishie mwanangu."

Mwana huyo ni Masanja, mdogo wangu, ambaye tulishamzika. Ngoja niseme vizuri. Alitoka Misunkumilo, tulikohamia, kwenda kutafuta mashamba ya mpunga, akakaa kimya. Siku moja mnunuzi wa mpunga akapiga kelele juu ya lori linalopita: "Mwambieni mama yake, Masanja kamezwa na Mamba, hatoki tena!" Mwenzetu anatania. Mamba ni kijiji, huko Mpimbwe, penye mpunga mzuri. Sisi tukasikia mamba wa mtoni. Mama akaanguka. Tukanyoa vichwa, tukazika koti lake. Baadaye mkewe Kabula akaolewa Kasokola. Ndipo muuza mchele mmoja akatuambia, Masanja mbona mzima, anavua samaki Ziwa Rukwa.

Sitalike lori lilisimama injini ipoe. Kiangazi kimekausha mto, viboko wamebanana kwenye tope kama viazi guniani. Wengine wameshakufa, wazima wamewaegemea. Abiria wanashangaa, mimi nikatazama pembeni.

Dereva alikuwa Mfipa, mtani wetu. Aliposikia safari yangu akasema, "Nyie Wasukuma! Ng'ombe akipotea mnafuata nyayo hadi Zambia. Mtu akipotea mnakimbilia kupika ubwabwa wa matanga."

"Endesha gari wewe," nikamjibu, "usije ukatupigisha radi zenu za Kifipa."

Tukacheka wote. Halafu tukaingia mbugani, nyati huku, twiga kule, mbung'o wakituuma juu ya shati.

Mamba nililala kwa mzee mmoja wa Kipimbwe. Asubuhi nikaenda kwa miguu hadi ziwani. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, mchanga safi, ndege mwari wengi kama mbuzi mnadani. Pazuri mno. Uzuri ule uliniuma.

Masanja alikuwa anashona wavu.

"Kaka Shija! Mlipata habari zangu?"

"Tulipata. Tukakuzika."

Alicheka hadi akashika magoti. "Mlizika nini sasa?"

"Koti la kahawia."

"Lile zuri? Mna wazimu nyie. Na mama?"

"Chakula hali vizuri. Anakaa mlangoni anakungoja."

"Na Kabula?"

Nikatazama maji. "Yuko Kasokola. Kazaa huko."

Akakata uzi kwa meno. "Nikirudi nitakuwa nani pale, kaka?"

"Mtoto wa mama."

Akatunga uzi mwingine. Nilichojifunza ni hiki: kwetu tunajua kumzika mtu asiyeonekana, kumfukua aliyeonekana hatujui. Na wa kuulizwa anafukuliwaje hayupo.

"Ngoja nikavae shati nyumbani," akasema, "twende."

Akaweka wavu chini, akafuata ukingo wa ziwa, mwari wakimpisha. Hakugeuka. Nikakaa mchangani hadi jua likanichoma. Mvuvi mmoja akaniuliza namngoja nani, nikamwambia.

"Masanja? Mbona nyumba yake iko huku nyuma yako, mzee?"

Hakurudi, siku ile wala nyingine.