Mama Aliponizika kwa Simu

Mama yangu alinizika mwaka jana, kwa simu, amekaa jikoni anachambua mlenda. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nasikia kila neno.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekamatwa mtaa wa Mtendeni na kete za heroini. Hakimu hakumfunga. Aliamuru atibiwe mpaka amalize, na mama akaweka saini ya kumdhamini. Kila asubuhi mama alimsindikiza kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Chemchem mpaka kliniki, akanywe dawa mbele ya nesi. Akishameza, nesi humwambia aongee, apate kuhakikisha hajaibania mdomoni. Naye humgeukia mama na kusema, "Shikamoo mama." Ndiyo salamu pekee aliyompa kipindi kile chote, na mama aliipokea utadhani amepewa zawadi. Ilikuwa inaniudhi.

Tiba haijafika nusu, akatoroka. Alipanda treni ya Kigoma, akavuka mpaka Bujumbura, akaanza kutupigia huku anacheka, eti amepata kazi ya kupakia mizigo na unga ameacha mwenyewe. "Nisalimie hakimu," aliniambia. Mahakama ikamgeukia mama: amlete mtu wake, la sivyo aingie yeye. Wakamlaza mahabusu kumwonjesha. Alirudi ananuka mkojo, hakutaka nimguse.

Nilimwita mdogo wangu mbwa, kwa sauti, majirani wasikie. Mama akaninyamazisha, akachukua simu, akaenda nayo jikoni.

"Mwanangu, dada yako hatunaye."

"Mama, unasema nini?"

"Ameanguka tu jana. Yuko mochwari. Hatuziki mpaka ufike."

Nilimsikia akilia kwenye spika. Mama akakata, akarudia mlenda wake.

"Ningesema naumwa mimi, asingekuja," aliniambia nilipomfuata. "Kwako atakuja. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni."

Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Akaja. Njia ile ile ya misafara ya watumwa ya zamani, waliyopitishwa watu na minyororo shingoni, yeye aliirudia kwa nauli yake mwenyewe. Askari wawili walikuwa chumbani kwa mama wanakunywa chai. Ningeweza kutoka nikamngoje barabarani, nimwambie ageuze. Nilimtazama mama, nikakumbuka ile harufu, nikakaa.

Hodi ilipopigwa, mama alinisukuma. "Kafungue wewe."

Alikuwa amenenepa, macho meupe, kweli ameacha. Nje hapakuwa na turubai wala waombolezaji, lakini hakuwa na akili ya kuangalia. Mkononi alishika kitenge kipya cha kunifunikia. Akanitazama, akanitazama tena. Alicheka huku machozi yanamtoka, akanikumbatia mpaka miguu yangu ikaacha sakafu.

"Dada, uko hai! Mungu mkubwa!"

Askari walipotoka chumbani alikuwa bado amenishika, nami nikamkaza asikimbie.