Kezia na Mbwa wa Njia ya Makaburini

Kezia Thurtle alishona nyavu za samaki wa heringi katika mji mdogo wa wavuvi, pwani ya Suffolk, na kwa miaka mingi hakuna mwanamke aliyekaa kando yake.

Kosa lake lilikuwa mdomo. Jioni moja ya vuli alikutana na Shuck kwenye njia ya makaburini, yule mbwa mweusi mkubwa kama ndama, jicho linawaka kama kaa la moto. Kwao kila mtoto hufundishwa: ukimwona, fumba macho upite, na usimsimulie mtu mpaka mwaka ugeuke, maana kifo huingia nyumba ya aliyesimuliwa. Kezia alifika kwa shoga yake, Lavinia Mobbs, akitetemeka, akamwaga yote kabla hajakaribishwa kiti. Krismasi haijafika, bahari ikammeza Ambrose, mume wa Lavinia.

Hakuna aliyemlaumu mwenye mashua, aliyewatuma Ambrose na wenzake baharini wakati wa dhoruba kwa matanga yaliyooza. Mwenye mashua alikuwa na kazi za kugawa. Kezia alikuwa na mdomo tu.

Darini, walikoshonea nyavu, wenzake walisogeza viti. Akiingia, mmoja husema, "Zibeni masikio, kengele ya msiba hiyo," wakacheka. Yeye aliomba jambo moja tu: Lavinia arudi kukaa ubavuni mwake.

Mchana mmoja wa ukungu Lavinia alibisha mlango wa nyuma, uso mweupe kama unga.

"Nimemwona Shuck, Kezia. Nitapasuka nisiposema."

Kezia akamkalisha karibu na moto, akamtilia chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, akaona haya. Kisha akauliza mbona hakuwaambia wale anaokaa nao.

"Wana waume, wana watoto," Lavinia akasema. "Wewe huna wa kufa."

Kezia akachukua birika. Alimwongezea chai.

Kesho yake Lavinia alipanda darini, akawasalimu wote kwa majina isipokuwa mmoja, akaketi dirishani na wenzake. Neno moja tu la Kezia juu ya alichokiona Lavinia na kukisimulia lingetosha: wangemkimbia Lavinia kama walivyomkimbia yeye. Alilishika neno lile ulimini asubuhi nzima. Lakini wale wanawake walikuwa na waume baharini siku ile.

Akalimeza, akavuta wavu mwingine magotini.