Koili ya Alby na Jino la Mzee Hedley

Dukani kwa mikate hapa Jericho Flat watu wanasimulia kwamba shemeji yangu, Alby Nankervis, alimnywesha katibu wa chama chetu cha wasaka dhahabu chai yenye jino la marehemu. Si kweli. Katibu hakuinywa chai ile. Na kwa kuwa jino lenyewe ni mali ya ukoo wetu, na lilitoka kabatini mwangu kwa ruhusa yangu, naona afadhali habari hii iandikwe na mtu anayeijua toka mwanzo.

Alby ni mdogo wake marehemu mume wangu, Ross. Ross alipewa utulivu, Alby akapewa mikono. Aliendesha greda la halmashauri hadi alipostaafu, na barabara zote za vumbi kati ya hapa na Dunolly zimesawazishwa na yeye. Hakuoa. Anasema aliwahi kumposa msichana mmoja wa Bealiba, ila msichana akaweka sharti kwamba banda lake livunjwe kwanza.

Banda hilo la mabati limepakana na ua wangu, na ndimo anamotengenezea mitambo yake ya kusakia dhahabu. Wenzake chamani hununua ditekta mpya, mashine ya kunusia madini ardhini, wakaitumia kama ilivyotoka kwenye boksi. Alby hawezi kuona skrubu akaiacha. Ditekta yake ni ya zamani sana, na hakuna kiungo chake kilichobaki cha kiwandani. Betri ni ya drili. Mpini ni gongo alilotembelea Ross alipovunjika nyonga. Spika aliitoa kwenye mwanasesere wa kondoo, kwa hiyo mashine ikinusa chuma hulia kama mwanakondoo aliyepotezana na mama yake. Nilipoona beseni langu la kufulia limekatwa na kugeuzwa kifuniko cha kukinga koili isikwaruzwe na mawe, nilikwenda kumuuliza.

"Beseni halijapotea, shemeji," akaniambia. "Limepandishwa cheo."

Koili ndiyo sikio la ditekta, lile duara la waya linalopitishwa juu ya ardhi, na katika habari ya koili Alby ana imani yake kama wengine walivyo na madhehebu. Yeye ni mtu wa koili kubwa. Huisokota mwenyewe kwa waya wa shaba, ikawa pana kama sinia la harusi, kisha huiziba kwa gundi ile ngumu ya kuchanganya chupa mbili. Koili ya namna hiyo husikia kitu kilicho chini sana, lakini huipita chembe ndogo iliyo juu juu bila kuiona.

"Koili ndogo ni ya watu wanaookota makombo," husema. "Mimi natafuta mkate."

Kwa hiyo mashimo yake ni marefu kama ya kuzikia mbwa, na kila moja hulifukia, akazirudisha nyasi juu yake na kuzikanyaga kwa buti. Kwetu hilo halina mjadala. Mtu anaweza kudanganya mahali alipoipata dhahabu yake, tena asipodanganya watu humshangaa. Lakini akichimba, afukie.

Ndiyo maana mwaka ule wa habari hii, mashimo yalipoanza kuonekana kwenye malisho ya Noreen Keogh, mji mzima ulinong'ona. Noreen ni mjane mwenzangu, mfugaji wa kondoo, na tangu enzi za baba mkwe wangu chama kimekuwa kikipita shambani kwake bila kuzuiwa. Kondoo wake mmoja aliingiza mguu kwenye shimo akavunjika. Noreen akatia mnyororo getini na ufunguo akauweka kwenye mfuko wa aproni. Asipite mtu, alisema, hata awe nani.

Kwenye mkutano wa chama, katibu wetu Graeme Whitlock alisimama. Graeme alikuwa meneja wa benki huko Bendigo kabla ya kuhamia kwetu, na husimama hata pale ambapo kukaa kungetosha. Alisema nani asiyejua ni ukoo gani hapa wenye mazoea ya kuchimba kwa Keogh. Alisema hivyo huku akiutazama ubao ulio juu ya mlango wa ukumbi, ulioandikwa kwa rangi ya dhahabu: Ross Nankervis, Mwanzilishi.

"Ubao unaowakaribisha wageni hauwezi kubeba jina la watu wanaoacha mashimo," alisema. "Natoa hoja uondolewe."

Mwenyekiti wetu, Dulcie Rowe, bibi mwenye sauti kama ya msumeno, akasema hoja itapigiwa kura mkutano ujao. Mimi nilivaa glavu zangu, nikatoka.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Noreen, akanipeleka kuyaona mashimo. Yalikuwa mengi, mafupi, yamepangana kando ya ua kama kazi ya kuku.

"Noreen," nikasema, "Alby hajawahi kuchimba shimo ambalo ningeweza kulijaza kwa kikombe."

"Mwalimu, mimi nawajua kondoo. Mashimo siyajui." Nilimfundisha kusoma, na mpaka leo haniiti jina lingine. "Ila wachimbaji hawa wanaendelea. Kila wiki mstari unasogea kuelekea josho la zamani. Mnyororo haujawazuia."

Nilimkuta Alby bandani, amekaa na koili mapajani, haisokoti wala haiweki chini.

"Yale ni mashimo ya koili ndogo," nikamwambia. "Hata mimi nimeona."

"Nimewaambia. Graeme akasema koili hubadilishwa kama soksi."

"Na yeye anatumia ipi?"

"Ya wastani, ndivyo anavyoapa. Eti koili ndogo ni kitu cha watoto kuchezea." Akakwaruza gundi kwa ukucha. Kisha akanyanyua uso, na nikaliona lile jicho ambalo Ross alikuwa akiliona anafunga milango. "Shemeji, jino la mzee bado unalo?"

"Hapana."

"Hunalo?"

"Ninalo. Jibu la unachotaka kuniomba ndilo hapana."

"Hujasikia bado."

"Nimesikia neno jino. Limetosha."

Baba mkwe wangu, Mzee Hedley, alikuwa na jino la mbele lililovikwa ganda la dhahabu aliyoichimba kwa mkono wake. Alipowekewa meno ya bandia, daktari alimrudishia ganda lile, naye alipofariki nikalihifadhi kwenye kopo la peremende pamoja na vifungo vya mikono vya Ross. Si kitu cha kuchezewa na mtu aliyekata beseni langu.

"Jina la Ross linashushwa ukutani," Alby akasema polepole, "na wewe unalinda jino."

Nilirudi nyumbani. Nilipiga pasi mashuka mawili ambayo hayakuhitaji kupigwa pasi. Kisha nikalichukua kopo.

Alby alilijaza ganda kwa changarawe nyekundu na ile gundi ya koili, akalipaka pia kwa nje, akaacha mstari mwembamba tu unaong'aa. Lilipokauka ungeapa ni jiwe la chuma lililopitiwa na mshipa wa dhahabu. Na kila msaka dhahabu anajua kwamba jiwe la namna hiyo halisuguliwi, kwa sababu uzuri wake ni kuonekana kama lilivyotoka ardhini.

"Gundi hii haiogopi mvua," Alby akasema. "Inaogopa birika."

Tulilijaribu kwenye nyasi zangu. Alipitisha koili yake kubwa juu ya jino, mara ya kwanza, mara ya pili, na mashine haikutoa hata pumzi. Alifurahia ukimya ule kama wengine wanavyofurahia kelele. Kisha akatoa koili ndogo, sawa na kisahani, aliyoisokota kwa kazi hiyo tu. Alikuwa ameifunga kwenye gazeti asije akaonekana nayo. Mwanakondoo alilia hadi mbwa wa jirani akaja kuangalia.

"Anasikia makombo," nikasema.

"Usimwambie mtu," akajibu.

Noreen ndiye aliyelizika, kwa mkono wake, hatua chache mbele ya mstari wa mashimo, karibu na josho. Geti lilikuwa limefungwa na ufunguo anao yeye. Atakayetoka na kitu kile, kwa hiyo, atakuwa ameruka ua.

Mkutano ulipofika, Noreen aliketi kando yangu, kwa mwaliko wangu, na kofia yake ya kanisani. Kwanza huwa tunachagua kitu bora kilichopatikana mwezi huo. Kulikuwa na kifungo cha polisi wa zamani, vipande viwili vitatu vya dhahabu visivyozidi punje ya mchele, na kiatu cha farasi. Graeme alikuja wa mwisho. Alifungua kisanduku cha kiberiti, akafunua pamba, na watu wakainama wote pamoja.

"Jiwe hili nimelipata kule Mosquito Creek," akasema. "Mahali hasa mtanisamehe."

Kila mtu akamsamehe. Dulcie akakigeuza kisanduku kwenye mwanga. "Zuri. Koili gani, Graeme?"

Hapo angeweza kunyamaza. Lakini mtu aliyepata kitu anataka pia asifiwe kwa namna alivyokipata.

"Ndogo, mama. Kama kisahani hivi. Haya masinia ya watu wengine yangelipita kama treni inavyopita stesheni isiyo na abiria."

"Si ulisema hunayo?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Ni mpya," Graeme akasema.

Mikono ikanyooshwa, na jiwe likashinda. Alby, aliyekuwa ameketi karibu na birika muda wote, akaomba alishike. Alilipima kiganjani, akalipuliza, akasema lina vumbi, kisha akalidondosha kwenye kikombe cha chai kilichotoka kumiminwa.

Graeme alisimama, na safari hii palikuwa na sababu. "Unaliharibu hilo."

"Tulia, bwana. Linaoga."

"Mwenyekiti, mwambie atoe."

"Ngoja nione," Dulcie akasema.

Tulingoja. Alby akamimina maji mengine ya moto, akakoroga taratibu kama mgonjwa anayepoza uji, akalitoa kwa kijiko, akalichokonoa kwa njiti ya kiberiti. Gundi ikatoka kama ganda la yai, na changarawe ikafuata. Akaliweka kwenye kisahani, akakisukuma kisahani katikati ya meza.

Wazee waliomfahamu Mzee Hedley hawakuhitaji kuelezwa. Dulcie alikivuta kisahani karibu.

"Jino hili," akasema, "lilinikonyeza mwaka mzima nilipokuwa msichana."

"Lilikuwa likipigwa na jua," nikamsahihisha.

"Ndani ya ukumbi wa dansi, Gwenda?"

Noreen alikuwa amekwisha kunyanyuka, akishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Hilo jino nililizika mimi, kwangu, karibu na josho," akasema. "Mosquito Creek imehamia lini kwangu, Graeme?"

Graeme aliketi, na tangu nimfahamu hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi bila kuambiwa.

"Geti nitalifungua," Noreen akaendelea, "siku shimo la mwisho litakapofukiwa. Na afukie aliyechimba. Koleo nitamwazima. Nyasi arudishe vizuri, nitapita nikanyage mwenyewe."

Dulcie akauliza kama ile hoja ya ubao bado ina mtu wa kuiunga mkono. Watu wakatazama vikombe vyao. Ubao wa Ross ukabaki juu ya mlango, na upo hadi leo.

Lakini Alby hakuwa amemaliza. Kura ya kitu bora ilikwisha kupigwa, akasema, na kanuni za chama zinataka jina la mwenye kitu liandikwe kwenye ubao wa mwezi. Walibishana mpaka chai ikapoa, wakakubali ana haki. Hivyo sasa ukutani kuna majina mawili ya Nankervis, na la pili limeandikwa: H. Nankervis, jino. Nilimwomba mpaka rangi afute neno la mwisho. Meno ya wazee wetu si ya kutangazwa.

"Ukilifuta, shemeji," Alby akasema, "watu watadhani mzee alipata kitu kidogo."

Likabaki. Jino nimelichemsha na kulirudisha kwenye kopo, na kopo nimelihamishia kwenye kabati lenye ufunguo.

Ile koili ndogo Alby ananiapia kwamba aliivunja siku ileile, maana mtu kama yeye hawezi kuonekana nayo. Jumapili iliyopita padri aliugua mafua na ibada ikawa fupi. Nilipofika getini nilisikia mwanakondoo akilia katikati ya bustani yangu ya mboga, na hakuna anayefuga kondoo mtaani kwetu. Nilipozunguka nyumba hapakuwa na mtu. Nilikagua matuta yote ya karoti. Hata jani moja halikuwa limelala vibaya. Amefukia kila mahali, akarudisha udongo na kuukanyaga, na kwa hilo sina neno. Ni Nankervis.